Pini ya Shaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijagusa hata spana. Nilikuwa nimetoka Kapsoit kwa miguu, na umande wa majani chai ulikuwa umenilowesha suruali mpaka magotini. Fundi mkuu wa karakana, Mhindi mzee tuliyemwita Mistri, alinisubiri mlangoni. Alitazama viatu vyangu, akatazama mikono yangu, kisha akashika mkono wa shati langu uliokuwa unaning'inia bila kifungo na kuupasua hadi kwenye kiwiko.

"Veve nataka kufa leo?" aliniuliza. "Shati refu nashikwa na beliti. Beliti navuta mukono, mukono navuta kichwa. Kesho kuja na mukono fupi."

Lilikuwa shati langu la kanisani, la pekee. Nilikasirika, nikameza hasira zangu, nikaingia kazini na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Leo namshukuru mzee yule. Hasira iliyomo katika maandishi haya haimhusu hata kidogo.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye karakana ya ufinyanzi iliyokuwa kando ya shamba moja la chai, njia ya kwenda Kiptere. Mwenye shamba alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Meneja, na jina lake lingine sitalitaja. Karakana ilianzishwa na mkewe, Memsahibu, ambaye alipenda udongo kuliko alivyopenda chai. Tulitengeneza vyungu vya kuoteshea miche, mitungi ya kuchujia maji na mabomba ya udongo ya kukaushia mashamba yaliyojaa maji. Mimi, Zakaria Mokua, Mkisii, nilikuwa na miaka ishirini na moja na cheti cha ufundi kutoka shule ya misheni. Nafasi yangu ilipatikana kwa sababu fundi aliyenitangulia, Mkikuyu, alikuwa amepakiwa kwenye lori na askari wakati wa Hali ya Hatari. Zana zake nilizikuta mezani, zimepakwa mafuta na kupangwa kwa ukubwa. Niliuliza jina lake nikaambiwa nifanye kazi yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kinu cha udongo. Vijana wa leo wananunua udongo ukiwa tayari kwenye mfuko wa plastiki, kwa hiyo nitaeleza. Kinu kilikuwa bomba nene la chuma lililolazwa, lenye mdomo mpana juu yake wa kutilia udongo. Ndani yake ulipita mhimili wa chuma, ambao mafundi huuita shafti, na kwenye shafti vilifungwa visu vilivyopinda kidogo. Shafti ikizunguka, visu viliukata udongo, vikaukanda na kuusukuma mpaka ukatokea upande wa pili ukiwa laini, tayari kwa mfinyanzi. Nguvu ilitoka kwenye injini ya dizeli, ikasafiri kwa mkanda mrefu wa turubai tuliouita beliti, ikaingia kwenye giaboksi ya kupunguza mwendo. Pale giaboksi ilipoungana na shafti palikuwa na pini moja ya shaba, nene kama kidole changu cha mwisho.

Pini hiyo ndiyo kiini cha habari yangu. Kila kitu kwenye kinu kilikuwa chuma kigumu isipokuwa hiyo. Jiwe likikwama kati ya kisu na ukuta wa kinu, lazima kitu kivunjike, na pini iliwekwa ili ivunjike yenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Ikikatika, injini inaendelea kunguruma lakini shafti inasimama papo hapo, haina nguvu hata ya kuponda nyanya. Mistri aliniwekea kipande cha pini iliyokatika kwenye kiganja na kunikunja vidole juu yake.

"Pini nakufa, mutu napona," alisema. "Mimi hapana sema tena."

Alisema tena mara nyingi. Alinifundisha kugusa beringi zinazobeba shafti kwa nyuma ya mkono kila nusu saa, kwa kuwa beringi inayotaka kuharibika huanza kwa kupata moto. Alinifundisha kukagua sili ya shafti, yaani ule mpira unaozuia udongo usiingie kwenye giaboksi, maana udongo ukichanganyika na mafuta hutafuna meno ya gia mpaka yaishe. Wakati wa mvua beliti ililegea na kuteleza kwenye puli, lile gurudumu la giaboksi linalozungushwa nayo, basi tuliipaka nta na kuikaza. Jumamosi hatukutoka mpaka kinu kisafishwe chote, kwani udongo ukikaukia ndani mpaka Jumatatu huwa umeshakuwa tofali. Mistri alikuwa mkali, na mara nyingine alinitukana kwa lugha yake mpaka mate yakamtoka, lakini hakuna siku aliyoniagiza kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe angeogopa kulifanya.

Jambo la ajabu katika karakana ile lilikuwa ukuta. Kwa Wakipsigis, kufinyanga ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume hakutakiwa kuwatazama wakiifanya. Memsahibu alipotaka wafinyanzi wazuri kutoka vijiji vya karibu, walimwambia wazi kuwa hawatafanya kazi mbele ya wanaume. Naye akakubali, akajenga ukuta wa matofali uliokata karakana katikati. Injini, giaboksi na ile pini vilikuwa upande wetu. Mdomo wa kinu ulikuwa upande wao. Shafti ilipita kwenye tundu la ukuta, na wanawake walikuwa wametundika diski kuukuu ya plau. Wakigonga mara moja, mimi nasimamisha. Wakigonga mara mbili, naendesha. Nikitaka kuingia kusafisha visu, nilibisha, nikangoja wafunike vyungu vyao kwa magunia na kutoka nje.

Mwanzoni niliucheka ule ukuta. Nilikuwa kijana wa misheni, najiona nimeelimika. Kiongozi wa wale wanawake, Mama Tapsabei, ndiye aliyenitoa ujinga huo. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, na aliujua udongo kuliko mimi nilivyoijua injini. Siku moja vyungu vilipasuka tanuruni, nami nikafungua kinu na kukifunga mara tatu nikitafuta kasoro. Alizungumza nami kutoka upande wa pili wa ukuta, bila kuonekana.

"Funti," alisema, kwani d kwake ilitoka kama t. "Wacha kusumbua kinu. Kinu haina makosa. Utongo imelala siku moja tu, nayo inataka tatu."

Tuliulaza udongo siku tatu, na vyungu vikaacha kupasuka. Tangu siku hiyo nilipotaka kujua kinu kina nini, nilimuuliza kwanza udongo una nini. Ndivyo tulivyofanya kazi mwaka mzima, mimi na yeye, bila kuonana uso kwa uso zaidi ya mara tano au sita.

Kisha mambo yakaharibika. Mistri alizeeka akarudi kwa watoto wake Kisumu. Memsahibu aliugua, akapelekwa kwao Ulaya. Bwana Meneja akaichukua karakana, mtu ambaye hakuwahi kutia kidole kwenye udongo. Zamani wanawake walikuwa wakiukanyaga udongo kwa miguu siku mbili kabla haujaingia kwenye kinu, na kila jiwe waliloligusa kwa nyayo walilitoa. Bwana Meneja aliwakuta wakikanyaga huku wanaimba, akaona wanacheza.

"Mashine iko kwa nini?" alifoka. "Hapana kanyaga-kanyaga. Udongo toka mtoni, ingia mashine."

Basi udongo ukaanza kuletwa kwa trela, na mawe yake na mizizi yake, ukamiminwa moja kwa moja. Pini ambayo zamani ilikatika mara moja kwa wiki ikawa inakatika mara nne kabla ya saa sita. Nilimweleza Bwana Meneja kwamba kinu hakiumwi, udongo ndio mgonjwa. Akanijibu kuwa hakuniajiri kumweleza habari za matope. Aliniwekea muda: nikibadilisha pini nisizidishe dakika kumi. Akawa anasimama nyuma yangu na saa mkononi.

Hapo nami nikafanya kosa langu la kwanza. Ili kupunguza dakika, niliwaambia wanawake kupitia ukutani: "Shafti ikisimama, jueni pini imekatika. Toeni jiwe wenyewe mara moja, halafu mgonge diski." Kwa pini ya shaba jambo hilo lilikuwa salama. Lakini Mistri angalikuwapo angalinirarua mkono wa pili wa shati, kwa sababu kwake diski iligongwa kwanza, mkono ukaingia baadaye, siku zote. Wanawake walizoea. Jiwe linakwama, kinu kinasimama, Mama Tapsabei anaingiza mkono analitoa, anagonga.

Asubuhi moja ya Jumanne Bwana Meneja alikuja na bolti ya chuma aliyoitoa kwenye trekta.

"Hii hapana vunjika," alisema. "Tia."

"Bwana, jiwe likikwama na bolti hii, kitu kingine kitavunjika."

"Kitu gani?"

"Visu, Bwana. Ama giaboksi."

Soma tena jibu langu, maana mimi nimelisoma kichwani maisha yangu yote. Nilitaja visu na giaboksi. Nilijua kuna kingine kinachoweza kuvunjika, na sikukitaja, kwa sababu nilijua kuwa visu vingemshtua zaidi. Hata hivyo hakushtuka. Aliniuliza kama kuna fundi mwingine Kericho nzima anayetaka kazi yangu. Nikafyata ulimi, nikaipigilia bolti mahali pa pini.

Nilipaswa kuwaambia wanawake. Lakini kupitia ukutani Bwana Meneja angesikia, na kwenda kuwaeleza uso kwa uso kulitaka nibishe, ningoje wafunike vyungu, watoke nje, naye alikuwa pale na saa yake. Nikajiambia nitamweleza Mama Tapsabei wakati wa chakula. Nikasogeza beliti ikakaa kwenye puli, kinu kikaanza.

Mafundi wataelewa kilichotokea, na asiye fundi nitamweleza polepole, maana uongo wote ulijificha hapa. Jiwe lilikwama. Bolti haikukatika. Shafti ikasimama, giaboksi ikasimama, lakini beliti ikaanza kuteleza juu ya puli huku inapiga kelele. Upande wa wanawake kelele hiyo haikuwa ngeni, kwani beliti ililia kila msimu wa mvua. Walichoona wao ni kinu kilichosimama, kama kilivyosimama mamia ya mara. Mimi niliona puli imeganda na beliti inateleza, nikajua. Nguvu yote ya injini ilikuwa bado imeshikilia ile shafti, inangoja tu jiwe litoke. Nilipiga kelele, nikakimbilia mtaimbo wa kuiondoa beliti kwenye puli. Zilikuwa hatua nne. Nilikuwa nimepiga mbili, kelele ya beliti ikakatika ghafla, na puli ikazunguka.

Diski iligongwa, si mara moja wala mbili. Nilizima injini, nikaingia upande wao bila kubisha. Hakuna aliyefunika kitu. Nilirudi nikakizungusha kinu kinyumenyume kwa kuvuta beliti kwa mikono mpaka wakamtoa. Ulikuwa mkono wa kulia, na ulikwisha kwenye kifundo. Mama Tapsabei hakulia. Alikuwa ananitazama usoni, akasema, "Funti, kilikuwa kimesimama." Alilisema tena wakimpakia kwenye lori la majani chai kumpeleka hospitali.

Mpaka hapo ningeweza kuiita ajali mbaya. Kilichofuata hakikuwa ajali. Lori halijafika hata barabara kubwa, Bwana Meneja aliingia kwenye chumba cha injini na kusema maneno manne: "Toa bolti. Rudisha pini." Nikaitoa. Nikarudisha pini ya shaba, na mikono yangu ilikuwa bado na udongo wa upande wa pili wa ukuta.

Siku mbili baadaye mkaguzi wa mitambo alikuja. Aliitazama pini, akaigusa, akaridhika. Aliniuliza mbele ya Bwana Meneja: "Hii ndiyo pini iliyokuwemo?"

"Ndiyo, Bwana."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Naye akafanya hesabu nyepesi: pini nzima maana yake kinu hakikukwama, na kinu kisichokwama kilikuwa kinazunguka. Akaandika kuwa mfanyakazi alitia mkono kwenye mashine iliyokuwa inatembea, kwa uzembe wake mwenyewe. Wanawake hakuwauliza. Bwana Meneja alimwambia ni desturi yao kutozungumza na wanaume habari za chumba chao, wakacheka kidogo. Ule ukuta alioudharau kila siku, siku hiyo aliuona una faida. Damu inanichemka ninapoandika haya, na haichemki kwa ajili ya wale wawili peke yao.

Jumba bovu likamwangukia Mama Tapsabei. Alirudishwa kwao, upande wa Bomet. Wafanyakazi walisema aliota kazini. Hata baadhi ya wale wanawake wakaanza kusema labda macho yalimdanganya, kwa kuwa Mzungu wa serikali alikuwa ameandika.

Mimi niliacha kazi mwezi uliofuata, nikiwa na bolti ile mfukoni. Nilipata kazi katika kiwanda cha chai, nikaanza na mashine za kusokota majani, nikapanda mpaka fundi msaidizi na hatimaye fundi mkuu. Wakubwa walikuja na kuondoka. Mmoja wao, Mwafrika mwenzangu, mwenye tai nzuri, aliniamuru nifunge kwa waya swichi ya usalama iliyokuwa inasimamisha mashine mara kwa mara. Nilimkabidhi koleo na waya, nikamwambia afunge mwenyewe, kisha aandike barua kwamba amefunga. Hakufunga. Wanagenzi wangu waliniita mzee mkorofi, nami niliwapasua mikono ya mashati bila kuwaomba radhi. Mpaka leo naona vijana wenye shahada wakiruka vizuizi na kuziba swichi ili kazi isisimame, na wanacheka. Sioni cha kuchekesha.

Siku ya kustaafu kwangu walinichinjia mbuzi. Meneja wa kiwanda alisimama akanisifu, akasema katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mtu aliyeumia kwenye mashine niliyoitunza mimi. Watu wakapiga makofi. Nilikaa pale na mfupa mkononi, nikaurudisha sahanini. Ule uongo wangu wa neno moja ulikuwa umekua mpaka ukawa sifa.

Wiki ile ile nilipanda gari kwenda Bomet. Iliniletea taabu kumpata, lakini watu walimjua bibi mwenye mkono mmoja. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua mboga, ameishika sahani kwa magoti. Nywele zilikuwa nyeupe. Nilimsalimu, akainamisha kichwa kidogo akisikiliza, kwa kuwa yeye aliijua sauti yangu kuliko sura.

"Funti," alisema.

Nilikaa chini. Sikuzunguka mbuyu. Nilitoa bolti mfukoni nikaiweka kwenye kiganja chake cha kushoto, nikamweleza yote: trekta, saa ya Bwana Meneja, beliti iliyoteleza, pini niliyoirudisha, na jibu nililompa mkaguzi. Aliipima ile bolti mkononi kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo kilisimama," alisema.

"Kilisimama, Mama."

"Mimi niliona imesimama. Mume yangu alikufa akifikiri nilikuwa nasinzia." Alinitazama. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

Aliirudisha bolti mkononi mwangu, akachukua tena sahani yake ya mboga.

"Mimi pia nilikuwa na kazi," alisema.

Nilipoinuka kuondoka hakunisindikiza wala hakusema amenisamehe. Aliniita nilipofika langoni.

"Wewe unajua kuantika. Yule mtu wa serikali aliantika. Na wewe antika."

Nimeandika. Bolti iliwekwa na mimi, na pini ilirudishwa na mimi. Kinu kilikuwa kimesimama. Mama Tapsabei aliona sawasawa.